Moyo kwa Jina la Sajini

Swali la kumi na nne liliuliza: "Katika mwezi huu mmoja, usingizi wako umekuwaje?" Askari mia moja na sita walijikunja juu ya karatasi zao, kalamu mia moja na sita zikakwaruza, na wote wakaandika neno moja: mzuri. Swali la kumi na tano, je, kuna jambo linalokurudia kichwani bila kuliita? Hakuna. La kumi na sita, umewahi kumuumiza mtu wa nyumbani bila kukusudia? Hata siku moja. Ungezisoma karatasi zile ungedhani kikosi kimetoka harusini, kumbe kilikuwa na miezi mitano tu tangu kirudi kutoka mahali ambapo watu waliikusanya miili ya wenzao kwa mablanketi.

Aliyewafundisha majibu ni Koplo Miwani, karani wa kikosi, mtu aliyewahi kujazishwa fomu za namna hiyo zamani na akapona. Jioni mbili mfululizo aliwakusanya nyuma ya stoo ya magodoro akawasomesha.

"Sikilizeni, ndugu zangu. Ukiandika unaota ndoto mbaya, umekwisha. Ukiandika moyo unakwenda mbio, umekwisha. Usingizi mzuri, chakula kitamu, mke anapendeza. Basi."

"Na asiye na mke je?"

"Aandike jirani anapendeza."

Wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Sajini naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo. Mkataba wake wa miaka kumi na miwili ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule ule. Orodha ya wanaokwenda misheni mpya ilikuwa inaandaliwa, na kila aliyeingia katika orodha aliongezewa mkataba wa miaka miwili. Asiyeingia alirudisha sare, akarudisha na ufunguo wa nyumba ya kambi, akaenda zake na mke na watoto wake. Sajini alikuwa na mke na mabinti wawili, na hakuwa na mahali pengine popote pa kwenda.

Daktari aliyeleta fomu zile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amewaeleza mara tatu. Alitaka kujua jinsi msongo wa mawazo unavyougusa moyo wa askari, basi. Majibu ni siri. Hayahusiani na orodha wala na mkataba wa mtu. Askari walimsikiliza kwa adabu, macho mbele, wala hakuna aliyemwamini. Jeshini jambo likiitwa siri, mpishi ndiye wa kwanza kulijua.

Na bado karatasi ilikuwa afadhali. Shida ilikuwa kisanduku.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani, na kilitokwa na waya tano za rangi tano zilizobandikwa kifuani kwa vibandiko. Kila askari alikivaa saa ishirini na nne, kikasikiliza moyo wake mchana na usiku, naye akaandika katika kijidaftari alichokuwa akifanya kila saa. Siku ya pili tu kilikwisha kupewa jina: Shushushu, yaani mpelelezi.

"Koplo," Sajini aliuliza zamu yake ilipokaribia, "Shushushu anadanganywaje?"

Koplo Miwani alivua miwani akaifuta kwa shati. Alijua Sajini analalaje. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. "Hadanganywi," alisema. "Huyo anapewa mtu mwingine wa kumsikiliza."

*

Mke wa Sajini alikuwa fundi cherehani. Alishona sare zilizochanika, akapunguza suruali za wanakuruta, akatia zipu mpya kwenye majaketi ya kambi nzima. Siku hiyo alikuwa amebana pini tatu mdomoni mumewe alipoingia na kufunga mlango kwa komeo, mchana kweupe.

"Kuna nini?"

Sajini alivua shati. Alikuwa amekwisha kuchora kwenye karatasi kila waya inakaa wapi: nyekundu, nyeupe, nyeusi, kijani, kahawia. "Nataka unisaidie kitu, mama. Kivae hiki mpaka kesho asubuhi."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye mtulivu wa nyumba hii. Tangu nikuoe sijakuona ukibabaika. Mimi wakinisikiliza humu ndani, tumekwisha."

Mkewe alitoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa. Hakuuliza kama ni halali. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kawaida yake.

"Kinaoga?"

"Hakiogi."

"Haya. Basi leo maji utachota wewe, na usiniambie mgongo unauma."

Akambandika waya moja moja, naye mkewe akasimama kimya ameinua kichwa kama mtu anayepimwa gauni. Iliwachukua dakika sita. Laiti kungekuwa na mtu wa kuwagongea mlango saa ile, awaambie jamani, yule daktari amesema kweli, hakuna orodha humo! Lakini nani angegonga? Mtaa mzima ulikuwa umefunga komeo kwa shughuli zake.

*

Siku ya tisa Sajini aliitwa.

"Kaa," daktari alisema.

"Nimesimama vizuri tu, daktari."

"Sajini, kaa."

Mezani ulitandazwa mkanda mrefu wa karatasi wenye mistari midogo inayopanda na kushuka. Daktari aliuvuta taratibu kwa kidole, hana haraka, kama anayetafuta mahali kwenye ramani.

"Hapa ni saa nane mchana. Umeandika 'napumzika.' Unaona? Moyo unapiga, unapiga, halafu mstari unalala. Sekunde tatu hakuna kitu. Hukusikia kizunguzungu?"

"Hapana."

"Hukuanguka?"

"Mimi? Hapana."

"Twende usiku. Hapa umeandika 'nimelala.' Kuanzia saa nne mpaka saa tisa, umelala." Alimtazama juu ya karatasi. "Mimi nimesoma mioyo mingi. Aliyelala moyo wake unashuka, unatulia. Huu haujalala hata dakika kumi. Huu unasubiri kitu."

Sajini alitazama mikono yake.

"Na hiki hapa ndicho ulichokuwa unakisubiri. Saa tisa na dakika tisa. Kutoka themanini, ghafla mia moja na tisini. Dakika mbili nzima! Halafu ukasimama. Hesabu nami." Daktari aligonga meza kwa kalamu, polepole, mara nne, na nusu. "Muda wote huo moyo haukupiga. Sajini, saa tisa na dakika tisa kulitokea nini?"

Sajini alijua. Saa ile alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, mkono mmoja umemziba mkewe mdomo, mwingine umemkaba shingo, akimnong'oneza anyamaze, watasikia, anyamaze, wako nje. Alipozinduka alimwachia, akaketi chini akilia. Mkewe alikohoa, akasema, "Si kitu. Nilikuwa macho." Asubuhi alifunga vifungo vya gauni mpaka cha juu kabisa, akawasha moto wa chai. Sajini aliyaamini maneno yale: si kitu. Sasa alikuwa ametandaziwa mezani hicho ambacho si kitu, na kilikuwa na urefu wa mkono mzima.

"Sikumbuki," alisema.

"Ugonjwa huu mtu anaweza kuwa nao kimya kimya miaka mingi. Lakini hofu inauchokoza. Siku moja moyo utasimama usiwake. Unahitaji kifaa cha kuusukuma, kinapandikizwa chini ya ngozi hapa, na unakihitaji upesi. Misheni usahau. Lazima niandike kwamba hufai."

"Ulisema ni siri."

"Ni siri mpaka mtu anapokaribia kufa."

Sajini aliunyooshea mkanda kidole. "Labda mashine ni mbovu."

Daktari alifikiri. Alirudi mwanzoni mwa mkanda. "Kuna dakika sita hapa ambazo hakuna chochote. Waya zilibanduka?"

"Jasho."

"Inawezekana kweli ni mashine. Kesho tupime tena. Barua nitaizuia mpaka Alhamisi."

*

Alimweleza mkewe kila kitu, amesimama karibu na mlango. Mkewe alicheka kwanza.

"Mimi? Mimi mtulivu?" Halafu akaacha kucheka, akarudisha mguu kwenye pedali ya cherehani, akashona nusu ya upindo bila uzi kwenye sindano.

"Umewahi kuanguka?" Sajini aliuliza.

"Mara nne. Tano, ukihesabu ile ya foleni ya maji."

"Mara tano! Na hukuniambia?"

"Ningekwambia lini, baba watoto? Ulipokuwa kule, au uliporudi?"

Mkewe alimweleza kwamba zahanati ya familia za askari alikwisha kwenda mara tatu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Asubuhi yake walikwenda pamoja. Mganga wa zamu alimshika mkono, akaangalia saa ya ukutani, akaachia.

"Sabini. Safi kabisa."

"Anaanguka," Sajini alisema.

"Nyinyi mkirudi, wake zenu wote wanaanguka. Wamezoea kukaa peke yao, sasa wanataka kubembelezwa." Muuguzi aliyekuwa akipanga sindano aliguna kwa kicheko. "Kama unataka apimwe kwa mashine kubwa, foleni ya familia imefika mwezi wa tano kuanzia sasa. Niandike?"

"Lakini kuna kipimo kinachoonyesha kabisa kwamba..."

Mkewe alimkanyaga kiatu, kwa nguvu.

"Andika," alimwambia mganga. "Mwezi wa tano si mbali."

Njiani walitembea mpaka kwenye kona ya karakana ya magari. Hapo mkewe alisimama, si kwa hasira, alikuwa anatafuta pumzi.

"Sasa nisikilize. Safari hii vaa kisanduku mwenyewe, na moyo wako ukiwa mzima, nenda. Miaka miwili siyo mingi. Nyumba tunayo, wasichana wanasoma, kadi ya hospitali ipo. Mwezi wa tano nitapimwa kama wenzangu. Ukifungua mdomo, yote hayo tunayapoteza siku moja."

"Na ukianguka?"

"Fundi cherehani haanguki mbali. Nitaanguka nimekaa." Alijaribu kucheka. "Niahidi."

"Mama..."

"Niahidi, nimesema!"

Akaahidi.

*

Alhamisi daktari alimpokea ametabasamu, jambo ambalo Sajini hakuwahi kuliona.

"Nilikuwa sijalala kwa ajili yako, kumbe una moyo wa fahali! Tazama. Safi, safi, safi. Hapa usiku uliota kitu, umepanda kidogo, ukashuka, ukaendelea na safari. Hata mimi natamani moyo kama huu."

Sajini aliutazama mkanda wake. Hakuona fahari yoyote. Usiku ule alikuwa amelala jikoni, kwenye sakafu, na alikuwa ameamka akipiga mlango kwa mabega. Watoto walilia. Mkewe alikuja kumshika. Na moyo wake yeye, wa aliyefanya yote yale, ulikuwa umepanda kidogo ukashuka. Aliuonea haya, kama mtu aliyekula akashiba mbele ya wenye njaa.

"Basi wewe ni mzima, na jina lako sitaligusa," daktari alisema. "Mashine ile ya kwanza nitaitupilia mbali." Akauchukua ule mkanda wa mwanzo, akaukunja mara mbili, akaupeleka kwenye kapu la taka.

Hapo Sajini alikuwa na nyumba. Alikuwa na mkataba, alikuwa na kadi, alikuwa na miaka miwili mbele yake. Alichotakiwa kufanya ni kusema ahsante na kutoka nje, na wala asingekuwa amevunja ahadi.

"Usiutupe," alisema.

"Kwa nini?"

"Una mwenyewe."

Daktari alibaki ameshika mkanda juu ya kapu.

"Ni wa mke wangu."

Halafu daktari akauweka mkanda mezani, akaunyoosha kwa viganja vyote viwili, na sauti yake ikapanda. "Niliwaambia mara tatu! Nilisema orodha haihusiki, nilisema mkataba hauhusiki. Mara tatu, Sajini! Wangapi mmenifanyia hivi?"

Sajini alikaza macho kwenye kapu la taka.

"Kwa nini hukuniamini?"

"Daktari, niko jeshini mwaka wa kumi na mbili. Hajawahi mtu kuniuliza nalalaje kwa nia njema."

Daktari aliketi. Alitazama tena ile saa tisa na dakika tisa, na safari hii hakuuliza kulitokea nini. Alivuta karatasi akaanza kuandika barua ya kumlaza mgonjwa. Mtaalamu wa kupandikiza kifaa alikuwepo Jumatatu tu, alisema, na nafasi aliweza kuipata. Tatizo lilikuwa moja. Kipimo kilisajiliwa kwa namba ya jeshi ya Sajini. Kukihamishia kwa mkewe, na kumwingiza mwanafamilia katika wodi ya moyo bila foleni, kulihitaji saini ya mkuu wa kikosi, na mkuu wa kikosi angetaka sababu.

"Siwezi kumdanganya," alisema. "Uongo ukigundulika, ataondolewa kitandani."

"Mwambie kweli," Sajini alisema. "Au nitamwambia mwenyewe."

*

Karani aliyeitwa kuandika maelezo alikuwa Koplo Miwani.

Mkuu wa kikosi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza polepole, Sajini akajibu polepole, kalamu ya Miwani ikafuata. Kisanduku alikivua lini? Alimbandika nani? Mkewe alijua kwamba ni kosa?

"Hakujua, afande. Nilimlazimisha."

"Na nani aliyekufundisha mbinu hii?"

Kalamu ikasimama. Sajini alitazama ukuta, pale palipotundikwa kalenda ya mwaka uliopita.

"Akili yangu mwenyewe, afande."

Koplo Miwani aliandika: akili yake mwenyewe. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana, kichwa chini, wala hakukiinua.

"Kwa hiyo umelivisha jeshi moyo wa mwanamke," mkuu alisema, na maafisa wawili waliokaa pembeni wakacheka kwa pua. "Ningekupeleka misheni, risasi ya kwanza ungesema ngoja nimwite mama watoto."

"Ndiyo, afande."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimekosa, afande."

Mkuu alivuta barua ya daktari, akaisoma yote, akatia saini. "Sisi si wanyama. Mkeo atibiwe Jumatatu." Kisha akavuta karatasi ya pili. Mkataba wa Sajini ungeisha Ijumaa kama ulivyoandikwa, na usingeongezwa. Hakuna mashtaka, hakuna kifungo. Mkuu alimwambia ashukuru, naye alishukuru, akapiga saluti, akatoka nje na barua ya Jumatatu ameibana kwapani kama kitu cha kuibiwa. Nyuma ya stoo ya magodoro alisimama kidogo. Alilia, lakini alilia kwa nafuu. Nyumba imekwenda, kazi imekwenda, ila Jumatatu anayo.

Mkewe hakulia wala hakushukuru.

"Nilikukanyaga kiatu," alisema. "Nilikukanyaga mpaka nikasikia kidole. Sasa wasichana nitawalaza wapi?"

"Tutapanga chumba. Utapona kwanza."

"Uliniahidi."

"Niliahidi, mke wangu. Nimekuona kwenye ile karatasi. Nisingeweza."

"Hukuniona kwenye kitanda, ukaja kuniona kwenye karatasi?"

Alilisema bila kupaza sauti. Halafu akafungua kabati akaanza kukunja nguo, akiketi kila baada ya gauni mbili.

*

Ijumaa bwana stoo alikuja na orodha ya vitu vya nyumba. Alikagua vitasa, akafungua bomba na kulifunga, akapanda kiti kutazama balbu.

"Balbu ya jikoni imeungua."

"Nitanunua."

"Na huu mlango wa jikoni, nani ameuvunja bawaba?"

Mabinti walitazamana. Mkewe Sajini ndiye aliyejibu. "Upepo," alisema.

Bwana stoo akaandika upepo. Majirani walikuwa nje, kila mmoja na kazi yake ya ghafla: huyu anaanika, yule anafagia pasipo na taka. Koplo Miwani, ambaye jina lake lilikuwa limebandikwa asubuhi ile kwenye orodha ya misheni, hakuonekana. Mke wa Koplo ndiye aliyekuja kusaidia kubeba kichwa cha cherehani hadi kwenye mkokoteni, akakipangusa vumbi lisilokuwepo, akasema, "Mungu atawaona, shoga yangu," akaondoka haraka.

Walihamia chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi, chumba chenye dirisha moja na mlango unaofungukia ukumbini. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, kitanda upande wa pili, magodoro ya wasichana katikati. Ukishatandika hapakubaki pa kukanyaga.

*

Jumatatu walifika hospitali ya jeshi kabla ya dirisha kufunguliwa. Mkewe alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amebeba kikapu chenye taulo, sabuni na kandambili mpya. Alikuwa hata ameanza kuzungumza tena. Aliuliza kama hicho kifaa kinapiga kelele usiku.

Msichana wa mapokezi alichukua kadi, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Hii kadi imefungwa."

"Imefungwaje?" Sajini aliuliza.

"Tangu Ijumaa, saa kumi jioni. Mwenye kadi siyo mtumishi tena."

"Sawa, lakini barua hii hapa. Imesainiwa na mkuu wa kikosi mwenyewe. Inasema Jumatatu. Leo Jumatatu."

Msichana aliisoma. Hakuwa mtu mbaya. Aliisoma mara mbili, akitafuta pa kushikia. "Baba, barua inasema alazwe mke wa mtumishi namba hii. Nikiiingiza namba, mashine inaniambia haipo. Siwezi kumlaza mke wa mtu ambaye hayupo."

"Mimi si huyu hapa? Niangalie! Nipo!"

Foleni ilinyamaza. Mlinzi wa mlangoni alisogea hatua mbili. Mkewe alimgusa kiwiko. "Punguza sauti, baba. Unawatisha watu."

Daktari aliitwa. Alikuja mbio koridoni, akaingia ofisi moja, akatoka, akaingia nyingine, na kule ndani sauti yake ya kukwaruza ilisikika ikibishana kwa muda mrefu. Utafiti wake ulikuwa wa askari, walimwambia, na huyu siyo askari. Familia ya askari basi. Familia ya askari yupi? Alipotoka alikuwa amekunja barua nyingine ya kwenda hospitali ya raia, na namba yake ya simu ameiandika nyuma kwa kalamu nyekundu.

"Nimewapigia. Wamempa nafasi ya karibu kabisa waliyonayo."

"Lini?"

"Miezi mitatu." Hakuweza kumtazama mwanamke yule usoni. "Mama, usishtuliwe. Unanielewa? Ulale. Kitu kikubwa kuliko vyote, moyo huo upate usingizi."

"Nimekuelewa, mwanangu," mkewe Sajini alimjibu, ingawa walikuwa rika moja, na akampa mkono kumwondolea aibu.

*

Walirudi chumbani jua likiwa bado kali. Mkewe alitoa taulo kikapuni akalitundika, akaweka kandambili mpya chini ya kitanda, akaketi. Midomo ilikuwa imemkauka. Sajini alisimama akihesabu kwa macho: kitanda, magodoro, cherehani, ukuta. Halafu akainama, akavuta godoro jembamba la akiba chini ya kitanda, akalikunja na kulifunga kwa kamba.

"Unakwenda wapi na godoro?"

"Nitalala ukumbini. Mwenye nyumba nitamwomba. Kuanzia leo silali nawe chumba kimoja."

"Ukumbini, watu wanapita?"

"Wapite. Umemsikia daktari. Usingizi. Mimi ndiye ninayekuua, mama. Nimeyaona kwa macho yangu, yameandikwa na saa. Nikiwa nje utalala. Funga mlango kwa ndani, hata nikigonga usifungue."

Alikuwa karibu kufurahi, masikini, kwa kupata hata hicho kimoja cha kutoa. Alilipachika godoro begani, akashika kitasa.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hayo unayoyasema nimeshayafanya. Usiku ule ulipolala jikoni nilifunga mlango, na nikakesha vilevile." Alijishika kifua kwa kiganja, siyo kwa kuigiza, alikuwa anakitafuta kitu pale chini. "Ukiwa kitandani, angalau nakuona unapoanza, na nakushika kabla hujafika mbali. Ukiwa nje nitakesha nikisikiliza. Hata uende mtaa wa pili, nitasikiliza. Nimezoea hivyo, sijui tena kulala."

"Sasa nilale wapi?" Sajini aliuliza.

Aliuliza kweli, kama anayeuliza njia. Mkewe alitazama kitanda, akatazama mlango, akamtazama na yeye aliyekuwa amesimama katikati ya vyote viwili na godoro lake begani.

"Sijui, mume wangu," alisema. "Hata mimi sijui."

Ukumbini mpangaji mmoja alipita akiburuta ndoo. Wote wawili walishtuka kwa pamoja, na mkewe akafumba macho, kiganja kifuani, akisubiri moyo upige tena.